Lupasi imetulia, sasa fuatilia damu yako: mwongozo kwa wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini

Sisi tunaokaa dirisha la kupokelea sampuli tunaulizwa maswali yale yale. "Najisikia mzima, kwa nini nitolewe damu tena?" "ANA bado inasoma pozitivu, ina maana dawa hazifanyi kazi?" "ESR imefika 60, niongeze prednisoloni?" (ANA ni kipimo cha kingamwili kinachosaidia kugundua lupasi; ESR ni kasi ya chembe nyekundu kutua, huonyesha uvimbe mwilini; prednisoloni ni steroidi ya kutuliza kinga.) Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, ameanza dawa, hali imetulia, na sasa anataka kujua mapema ugonjwa ukianza kuamka. Kama bado hujathibitishwa, huu si wako. Nenda kwanza kwa daktari wa magonjwa ya ndani.

Nadharia ni fupi. Lupasi ikianza kuamka, kingamwili zinazoshambulia DNA ya mwili wenyewe mara nyingi hupanda, na protini za damu ziitwazo komplementi, yaani C3 na C4, hushuka kwa sababu zinatumika kwenye vita hivyo. Figo nazo zinaweza kuanza kuvujisha protini wiki kadhaa kabla hujavimba hata kifundo cha mguu. Ndiyo maana tunampima hata mtu anayejisikia mzima. Ila hakuna kipimo hata kimoja kinachotabiri kwa uhakika. Kinachosaidia ni mfululizo wa majibu yako mwenyewe.

KABLA HUJAANZA, KUWA NA HIVI

- Kaunta buku moja yenye jalada gumu. Karatasi za kubana kwa pini hupotea.
- Majibu ya siku ulipogunduliwa, hata kama ni nakala.
- Orodha ya dawa zote na dozi zake, pamoja na za presha, za uzazi wa mpango na za kienyeji. Za kienyeji usizifiche, hakuna atakayekugombeza.
- Simu yenye kamera.
- Kipimajoto cha kwapani.
- Kadi ya bima au fedha taslimu. Uliza mapema bima yako inalipia vipimo gani, kwa sababu C3, C4 na kingamwili za DNA si vipimo vya kila siku, na si kila maabara inavyo. Mara nyingi sampuli husafirishwa.
- Namba ya simu ya kliniki yako, iandikwe kwenye jalada la daftari.

HATUA

1. Pata namba zako za siku za uzima.

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami naiona kubwa kuliko zote. Ukiwa umetulia, dawa hazijabadilishwa karibuni na huna mafua wala malaria, pima seti kamili: FBP (hesabu kamili ya chembe za damu), ESR, CRP (kipimo kingine cha uvimbe mwilini), kreatinini (taka inayochujwa na figo), vimeng'enya vya ini, mkojo wa kawaida, uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo, C3, C4 na kingamwili dhidi ya DNA. Majibu hayo yaandikie "MSINGI" kwa wino mwekundu.

Kwa nini usitegemee viwango vilivyochapishwa pembeni ya majibu? Kwa sababu havikutengenezwa kwa ajili yako. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) chache kuliko viwango hivyo, na hawaumwi chochote. Ukiwa na chembe nyeupe 3.4 siku zote ukiwa mzima, basi 3.4 nyingine yenye alama ya L (chini ya kiwango) haina cha kukutisha. Lakini mwenzako ambaye kawaida yake ni 6.5, akifika 3.4 ana jambo la kumweleza daktari. Vilevile sisi wa huku juu, Mbeya ikiwa takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hemoglobini zetu kwa kawaida huwa juu kidogo kuliko za watu wa Pwani. Mwanamke wa Njombe mwenye hemoglobini ya 12 anaweza kuwa amepungukiwa kidogo, hata kama mashine haikuweka alama yoyote.

ANA usiipime tena. Ilifanya kazi yake siku ya kukugundua. Inaweza kubaki pozitivu maisha yako yote, ugonjwa ukiwa umelala au umeamka. Ukiombwa kulipia ANA kila baada ya miezi mitatu, uliza kwa heshima inatafutwa nini.

2. Chora jedwali.

Ukurasa wa kulia na wa kushoto viwe jedwali moja. Kila safu iwe ya tarehe moja, na nguzo zifuatane hivi: tarehe, maabara, hemoglobini, chembe nyeupe, limfosaiti (aina ya chembe nyeupe), chembe sahani (zinazogandisha damu), ESR, CRP, kreatinini, protini ya mkojo, damu kwenye mkojo, C3, C4, kingamwili za DNA, presha, uzito. Nguzo mbili za mwisho ziwe pana: dozi ya dawa siku hiyo, na "nilivyojisikia".

Hizo mbili za mwisho usiziache tupu. Prednisoloni peke yake hupandisha chembe nyeupe, kwa hiyo 13 ya mtu anayemeza miligramu 40 haisomwi sawa na 13 ya mtu anayemeza 5. Daktari asiyeiona dozi hiyo anaweza kuanza kutafuta maambukizi ambayo hayapo.

3. Chagua maabara moja, kisha ushikamane nayo.

Kipimo cha kingamwili za DNA hufanywa kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ina namba zake. 80 ya maabara moja na 200 ya nyingine zinaweza kuwa damu ya mtu yule yule, wiki ile ile. Ukilazimika kuhama, ulizia njia waliyotumia, uiandike, na uanze msingi mpya.

Vipimio navyo viangalie. Kreatinini huandikwa kwa njia mbili: maabara moja itakupa 0.9, nyingine itakupa 80, na zote zinasema jambo moja. Namba ndogo ni miligramu kwa desilita, kubwa ni maikromoli kwa lita; zidisha ndogo kwa 88.4 upate kubwa. C3 ya gramu 0.9 kwa lita ni sawa na miligramu 90 kwa desilita. Watu huja wakilia kwamba figo zimekufa, kumbe wamebadili maabara tu.

4. Panga ratiba na daktari wako.

Kwa wengi waliotulia, kila miezi mitatu inatosha. Waliokaa kimya muda mrefu wanaweza kusogezwa hadi sita. Aliyetoka kupunguziwa dawa, aliyewahi kuumwa figo kwa lupasi, au mjamzito, hupimwa mara kwa mara zaidi. Anayeanza dawa za kushusha kinga kama azathioprini, methotreksati au mikofenoleti hupimwa FBP na ini karibu karibu mwanzoni, na hapo tunatafuta madhara ya dawa, ambayo ni suala tofauti na ugonjwa kuamka. Kitu kingine: methotreksati humezwa mara moja kwa WIKI. Siyo kila siku. Kosa hili huua.

5. Siku ya kutoa damu.

Kunywa chai, kula. Vipimo hivi havihitaji kufunga, isipokuwa daktari ameongeza vya sukari au mafuta. Bado watu hutoka Chunya au Ileje alfajiri bila kutia kitu tumboni, wakafika wanatetemeka, mishipa imejificha. Dawa zako za asubuhi meza kama kawaida.

Juni na Julai ni shughuli. Mwenye lupasi ambaye vidole vyake hugeuka vyeupe kisha bluu kwa baridi ya Uyole au Makambako anakuja na mikono kama barafu, na mshipa haupatikani. Vaa glavu njiani, kaa ndani kidogo, shika kikombe cha maji ya moto kabla hujaitwa. Vidole kugeuka rangi kwa baridi peke yake hakumaanishi ugonjwa umeamka, lakini kidonda kwenye ncha ya kidole mwonyeshe daktari siku hiyo hiyo.

Ukiwa kwenye kiti, tazama mambo mawili. La kwanza, jina na namba ya faili viandikwe kwenye tyubu mbele yako. Akina Neema na Tumaini ni wengi mno mjini hapa. La pili, tyubu ya kifuniko cha zambarau, ile ya FBP, ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10 mara tu baada ya kujaa. Taratibu, bila kutikiswa. Isipochanganyika, damu hufanya vibonge vidogo ambavyo huvioni kwa macho, mashine inahesabu chembe sahani chache kuliko zilizopo, na wewe unaambiwa zimeshuka hadi 60 wakati ziko 220. Ukiona tyubu imewekwa tu kwenye kishikio na mtoa damu kageukia simu, sema: "Samahani kaka, naomba uichanganye." Wala hatukasiriki.

Sampuli ya C3 na C4 haipendi kukaa kwenye joto. Kama inasafirishwa kwenda Dar es Salaam, uliza kama wanatenganisha seramu na kuipoza kabla ya kuituma. Wakisita kujibu, tafuta pengine.

6. Mkojo usiuache.

Mtu analipa kingamwili za DNA kwa fedha nyingi halafu anakataa kutoa mkojo kwa sababu "nimekuja kupima damu". Ningelazimishwa kuchagua vipimo viwili tu kwa mgonjwa asiye na uwezo, ningechukua mkojo na FBP, kreatinini ikifuata.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Acha wa mwanzo uende, kinga wa katikati, kwenye kikopo cha maabara. Chupa ya juisi hapana, hata ukiisuuza. Ufike ndani ya saa mbili. Kama unatoka Tukuyu au Kyela, tolea ukifika, na kila mara ufanye hivyo hivyo ili majibu yalingane. Usipime ukiwa kwenye hedhi. Usipime siku inayofuata baada ya kulima au kubeba mizigo kutwa nzima, maana kazi nzito inaweza kupandisha protini kwa muda.

7. Nakili majibu siku hiyo hiyo.

Mashine nyingi za FBP huchapa kwenye karatasi ile nyembamba inayong'aa kama risiti. Maandishi yake hufutika. Ukiiweka kwenye mfuko wa nailoni juu ya dashibodi ya daladala, baada ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe tupu. Piga picha, kisha nakili kwa mkono kwenye jedwali pamoja na vipimio.

8. Soma mwelekeo.

Jibu moja ni kama kumwona mtu amesimama njia panda ya Uyole: hujui anaelekea Tukuyu, Iringa au anarudi mjini. Ukimwona mara tatu ndipo unajua njia yake. Linganisha jibu la leo na la mwisho, kisha na MSINGI.

Mambo ya kupigia mstari kabla ya kwenda kliniki:

C3 na C4 zinashuka huku kingamwili za DNA zikipanda, mara mbili mfululizo. Hapa daktari huongeza macho kwenye figo, na mkojo hupimwa karibu karibu.

Protini kwenye mkojo. Uwiano ukizidi gramu 0.5 kwa gramu moja ya kreatinini, na ukarudiwa ukabaki hapo, usisubiri tarehe yako. Vivyo hivyo chembe nyekundu za damu kwenye mkojo zisizo na sababu nyingine, au kreatinini inayopanda kidogo kidogo, hata ikiwa bado haijapata alama ya H (juu ya kiwango).

Limfosaiti, chembe sahani au hemoglobini zinazoshuka kutoka msingi wako. Inaweza kuwa lupasi, inaweza kuwa dawa. Tofauti hiyo haiamuliwi nyumbani.

ESR na CRP zisome pamoja. Katika lupasi kuamka, ESR mara nyingi hupanda na CRP ikabaki chini au ikapanda kidogo. CRP ikiruka juu sana, fikiria maambukizi kwanza: nimonia, mkojo, malaria kwa aliyetoka Kyela, na kifua kikuu. Kanuni hii ina mwanya, kwa sababu lupasi ikishika utando wa mapafu au viungo CRP nayo inaweza kupanda. ESR yenyewe hupandishwa na upungufu wa damu, ujauzito na umri. Kipimo cha haraka: mwanamke, ongeza 10 kwenye umri ugawe kwa 2, mwanaume, gawa umri kwa 2. Kwa mama wa miaka 60, ESR ya 35 bado ni ya kawaida.

9. Mpe daktari daftari, umweleze kwa dakika moja.

Wagonjwa ni wengi, muda ni mdogo. Anza hivi: "Shikamoo daktari. Tangu mara ya mwisho C3 imeshuka mara mbili, mkojo una protini ya alama mbili (++), viungo vya asubuhi vinakaza kama saa moja, na wiki mbili nilikosa haidroksiklorokwini." Sehemu ya mwisho, ya kukosa haidroksiklorokwini (dawa ya kila siku ya lupasi), ndiyo watu huificha, na ndiyo mara nyingi yenye jibu. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1991 uliwabadilishia baadhi ya wagonjwa waliotulia dawa hiyo kwa kidonge kisicho na dawa. Ugonjwa uliamka kwao mara 2.5 zaidi ya walioendelea nayo. Kwa hiyo nunua kabla ya pakiti kuisha, maana si kila famasi inayo.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kujiongezea au kujipunguzia prednisoloni kwa kuangalia karatasi. Kuiacha ghafla ni hatari zaidi: mwili uliozoea kidonge unaweza kushindwa kutengeneza homoni yake, ukaanguka kwa presha.

Kumeza Septrini ya dukani kwa kikohozi. Dawa za jamii ya sulfa zinaweza kuamsha lupasi kwa baadhi ya watu. Kama umeandikiwa na kliniki nyingine, ziambie kliniki zote mbili. Usiiache kimya kimya.

Kuogopa jibu la kaswende. Baadhi ya wenye lupasi husoma pozitivu kwenye VDRL au RPR bila kuwa na kaswende. Dada zetu wamevunjiwa ndoa kliniki ya wajawazito kwa jambo hili. Omba kipimo cha kuthibitisha cha aina nyingine kabla hujarudi nyumbani.

Kudhani baridi inazuia jua. Jua linaweza kuamsha lupasi, na huku juu mionzi ni mikali hata ukiwa na sweta. Kofia pana, mikono mirefu.

USISUBIRI MAJIBU, NENDA LEO

Uso au miguu kuvimba, mkojo wa povu au uliopungua sana, kifua kubana au kushindwa kupumua, degedege, kuchanganyikiwa, kutokwa damu puani au kwenye fizi bila kukoma. Homa ya 38 na zaidi kwa anayemeza dawa za kushusha kinga nayo ni dharura, hata kama unadhani ni mafua.

WENYE MAGONJWA MENGINE YA KINGA

Kwa ufupi, maana nao huuliza. Rumatoidi ya viungo: fuatilia ESR na CRP pamoja na hesabu ya viungo vilivyovimba, kipimo cha RF (kingamwili ya rumatoidi) hakina haja ya kurudiwa. Tezi ya shingo aina ya Graves: TSH na T4 (homoni zinazoonyesha kazi ya tezi) ndivyo vya ratiba, na kingamwili za TRAb, zinazochochea tezi, husaidia pale daktari anapotaka kusimamisha kabimazoli (dawa ya kutuliza tezi), kwa kawaida baada ya miezi 12 hadi 18. Zikiwa bado juu, uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mkubwa. Na wewe wa kabimazoli, koo likiuma pamoja na homa, acha kidonge na ukapime FBP siku hiyo hiyo.

MAMBO YAKIGOMA

"Vitendanishi (kemikali za kupimia) vya C3 vimekwisha." Usiache ratiba nzima. Pima mkojo, FBP na kreatinini, acha nguzo ya C3 wazi na uandike sababu. Pengo linaloeleweka halina shida.

"Kingamwili za DNA zimepanda, lakini sina dalili yoyote." Wapo wanaokaa hivyo miaka. Mwaka 1995 madaktari wa Uholanzi walionyesha kwamba kuongeza prednisoloni mara tu namba inapopanda kunaweza kupunguza kuamka kwa ugonjwa, lakini utaratibu wa sasa kwa jumla ni kutotibu namba peke yake, kwa sababu wengi wangebebeshwa madhara ya steroidi bure. Utapimwa karibu zaidi, na mkojo utaangaliwa.

"Majibu yote mazuri, lakini naumwa." Dalili zina uzito. Nenda nazo. Kuna lupasi ya ngozi na ya viungo inayoamka huku C3 ikiwa imetulia.

"Chembe sahani zimeanguka ghafla hadi 40." Kama hutoki damu wala huna madoa mapya mekundu ya ngozi, omba sampuli irudiwe leo hii na slaidi iangaliwe kwa darubini. Kama unatoka damu, nenda hospitali kwanza, marudio yatafanyikia huko.

"Potasiamu imesoma juu sana, kreatinini iko vilevile." Huenda chembe nyekundu zilipasuka wakati wa kutolewa damu, zikamwaga potasiamu yake: sindano nyembamba, mpira uliofungwa muda mrefu, au tyubu iliyotikiswa. Kwa vyovyote irudiwe haraka, usiiache mpaka mwezi ujao.

"Mjamzito, C3 ni ya kawaida kabisa." Ujauzito hupandisha komplementi, kwa hiyo iliyo ya kawaida inaweza kuwa imeshuka. Mwonyeshe daktari namba ya kabla ya mimba, na uhakikishe kliniki ya wajawazito na ya lupasi zinasoma daftari moja.